Dakika Saba za Makaroni

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, tambi ni chakula cha kale, na makaroni ya kuoka ni mgeni aliyekaribishwa akahamia moja kwa moja. Tambi za sukari, zilizokaangwa kwa samli na kutiwa iliki na zabibu, tulizikuta kwa bibi zetu, na Ramadhani haipiti pasi na kuonekana katika sinia ya futari. Makaroni ya kuoka, yenye kima katikati na mchuzi mweupe wa maziwa juu yake, yaliingia baadaye. Na leo trei yake utaiona katika karamu ya akika, katika chakula cha mchana cha Ijumaa, na katika mikono ya watoto wanaotumwa kwa jirani siku ya Idi. Aliyezoea kuyapika huyapika huku akizungumza. Anayeanza huyaogopa, naye ana haki ya kuyaogopa, kwa sababu ni chakula kinachoiva mara mbili, kwanza majini na kisha ndani ya oveni, na kosa la mara ya kwanza halionekani mpaka ya pili iishe.

Chakula hiki kina nasaba ndefu kuliko tunavyodhani tunapokishika kikiwa ndani ya pakiti dukani. Mwanajiografia al-Idrisi, Mwislamu aliyefanya kazi katika kasri ya Mfalme Roger wa Pili huko Sisilia, alikikamilisha kitabu chake maarufu mwaka 1154. Humo aliutaja mji mdogo wa Trabia, karibu na Palermo, ambako ilitengenezwa itriya kwa wingi, yaani tambi za ngano zilizokaushwa, zikapakiwa katika vyombo na kusafirishwa hadi nchi za Waislamu na za Wakristo. Wamisri hadi leo huoka makaroni na mchuzi wa bashameli na kuyahesabu kuwa ni chakula cha wageni. Jirani zetu Wasomali nao waliizoea baasto katika zama za utawala wa Italia, wakaipa viungo vyao wenyewe. Kwa hivyo mama wa Kibokoni au wa Lamu anapokoroga sufuria ya makaroni, anaendeleza kazi ambayo kwa karne nyingi imekuwa ikivuka bahari na kubadilika ladha kila ilipotia nanga.

Tunaandika haya kwa sababu ya jambo lililotokea katika familia yetu, ambalo tumeona lina faida kwa wengine. Sisi ni ndugu wanne wa kike, sote tumeolewa na tunaishi mbali na nyumba tuliyozaliwa: mmoja Kisauni, mmoja Likoni, mmoja Bamburi na mmoja Nairobi. Nyumba yenyewe iko katika Mji wa Kale wa Mombasa, na anayeishi na wazee wetu ni ndugu yetu wa kiume, kitinda mimba, pamoja na mkewe. Kila Ijumaa, baada ya wanaume kurejea msikitini, wale tunaoweza hukusanyika huko na watoto wetu. Kwa zaidi ya miaka ishirini chakula cha siku hiyo kilikuwa ni makaroni ya kuoka ya mama: trei mbili, moja ya nyumbani na moja ya kugawanywa kwa majirani, akiwemo mjane mmoja mzee wa upande wa pili wa kichochoro ambaye huisubiri kama asubirivyo mtu haki yake.

Mwaka jana, baada ya Idi Kubwa, mama alipatwa na kiharusi. Mwenyezi Mungu alimbakisha, na tunamshukuru kwa hilo. Lakini mkono wake wa kulia ulipoteza nguvu, na ulimi wake ukawa mzito. Mkono ule ndio uliokuwa jiko la nyumba yetu. Mama hakuwahi kutumia kikombe cha kupimia wala mizani. Chumvi aliipima kwa kiganja, unga kwa kijiko chochote kilichokuwa karibu, na moto kwa kupitisha kiganja juu ya sufuria.

Wifi yetu, mke wa ndugu yetu, alikuwa ameingia nyumbani miezi michache tu kabla ya maradhi hayo. Ni msichana aliyesoma shule za bweni tangu utotoni, kisha chuo kikuu, na anaifahamu hesabu ya biashara kuliko sisi sote. Lakini hakupata kushika mwiko. Alikoishi, chakula kilipikwa na wapishi wa shule, naye alipanga foleni na sahani yake. Basi jikoni mle wakakutana watu wawili: mmoja ana ujuzi lakini hana mkono, mwingine ana mkono lakini hana ujuzi.

Wanaoijua mitaa yetu wanajua kwamba jambo kama hili halikai ndani ya kuta nne. Kulikuwa na jamaa waliopendekeza aajiriwe mpishi wa siku za Ijumaa. Kulikuwa na wengine waliosema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana, kwamba bi harusi asiyejua hata kuchemsha tambi amekuja kufanya nini nyumbani kwa watu. Maneno hayo yalimfikia, kama maneno ya aina hiyo yafikavyo siku zote. Mama naye aliyasikia. Jibu lake lilikuwa fupi, kwani siku hizo kila neno lilimgharimu. Alisema jiko ni la mwenye nyumba, na mwenye nyumba sasa ni huyu. Kisha akaagiza kiti cha miyaa kiwekwe mlangoni pa jiko, akakaa hapo.

Trei ya kwanza ilipikwa kwa maagizo ya kiti hicho. Mama alikuwa na ada yake ya miaka mingi. Siku ya Ijumaa, akishaswali Dhuha, huyatia makaroni katika maji yatokotayo, kisha husimama karibu na jiko, tasbihi mkononi, akivuta uradi wake wa asubuhi. Uradi ukimalizika, makaroni yametimia. Hiyo ndiyo iliyokuwa saa yake, na haikuwahi kumdanganya. Basi akamwambia mkaza mwana: "Mwanangu, yatie sasa. Nikimaliza uradi wangu, yatoe." Naye akafanya hivyo hivyo, bila kuzidisha wala kupunguza.

Makaroni yale yalipotoka katika oveni yalikuwa yamekwisha umbo. Vijibomba vyote vilikuwa vimefumuka na kushikamana, na kisu kilipopita kilitoa kitu kinachofanana na uji mzito wenye nyama. Ndugu yetu alitazama sahani yake kimya. Watoto, ambao hawajui kusitiri, waliuliza kama hii ni ile ile. Mama alikula kwa mkono wa kushoto mpaka akamaliza, akasema kwamba leo amestarehe, amekula bila kutafuna. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, hakuwa akikitia chakula ila. Akikipenda hukila, asipokipenda hukiacha. Sunna hii huielewa vizuri zaidi yule aliyeketi mbele ya chakula kilichoharibika huku aliyekipika akimtazama uso.

Ijumaa iliyofuata wifi yetu, kwa kuogopa uji, aliyaepua makaroni mapema mno. Alihesabu dakika nne tu. Mchuzi wake mweupe nao ulikuwa mzito wa kusimamisha kijiko, kwani alidhani uzito ndio utakaoishika trei isimomonyoke. Makaroni yaliyotoka majini bado magumu yaliufyonza unyevu wote wa mchuzi ndani ya oveni na yasishibe. Juu yakakauka, katikati yakabaki na kiini kinachosagika menoni kama mchanga. Mjane wa upande wa pili aliirudisha sahani ikiwa imeoshwa, pamoja na dua, na wala hakusema neno.

Jioni ya siku hiyo wifi yetu alitupigia simu sisi ndugu wanne mmoja baada ya mwingine, na hakuwa akilia wala kulalamika. Alikuwa na swali moja, la mtu aliyezoea hesabu: uradi wa mama huchukua muda gani? Hakuna kati yetu aliyewahi kuupima, maana nani hupima uradi wa mzazi wake? Yeye aliupima, siku ya kwanza, kwa saa ya simu yake. Ulichukua dakika kumi na mbili. Na pakiti ya makaroni ilisema yachemshwe dakika kumi.

Dada yetu mkubwa ndiye aliyeelewa kwanza. Alikuwa na picha ya video iliyochukuliwa jikoni kwa mama miaka mitatu nyuma, katika matayarisho ya harusi ya binti yake, na ndani yake mama anaonekana akiyatia makaroni na kuanza uradi, mpaka anapoyaepua. Tuliitazama sote usiku ule, kila mmoja kwake. Zilikuwa ni dakika saba na nukta chache. Uradi ulikuwa ule ule, neno kwa neno. Ulimi ndio uliokuwa umebadilika.

Tunakiri kwamba ugunduzi huo ulitupata pahali pa uchungu. Kwa miezi kadhaa tulikuwa tukiutazama mkono wa mama tu, tukiukanda kwa mafuta na kuupeleka kwa mtaalamu wa viungo, tukifurahi kila kidole kilipotikisika. Sasa sufuria ya makaroni ilikuwa imetupa kipimo kingine. Tukashauriana: je, aambiwe? Mmoja wetu aliona ni haki yake kujua. Mwingine aliona kumwambia mtu kwamba dhikri yake imekuwa nzito ni kumjeruhi pahali pasipotibika. Wifi yetu ndiye aliyepata njia ya katikati. Alisema ataendelea kumsubiri mama aanze uradi, kwani hiyo ni heshima yake. Lakini yeye atayaepua kwa saa, zikitimia dakika saba.

Hapa tuseme sababu ya dakika saba hizo, kwa faida ya anayeanza. Makaroni makavu hunyonya maji na kuiva kutoka nje kwenda ndani. Ukiyatia katika sosi na kuyala hapo hapo, yaache yafike muda ulioandikwa kwenye pakiti. Lakini makaroni ya kuoka yana safari ya pili. Yatakaa dakika 25 hadi 30 ndani ya oveni, yamezungukwa na mchuzi wa moto, na humo yataendelea kunywa na kuvimba. Kwa hivyo huondolewa majini yakiwa yamebakiza dakika mbili au tatu. Pakiti ikisema 10, toa kwenye 7. Ikisema 8, toa kwenye 5 au 6. Mama hakuwahi kuisoma pakiti hata siku moja, na uradi wake ulikuwa umeangukia hapo hapo kwa mazoea ya miaka.

Ijumaa ya tatu tulikuwa watatu jikoni pamoja na wifi yetu. Mama alianza uradi wake. Saa ya simu ikatetemeka mfukoni, na makaroni yakaepuliwa na kumwagwa katika chujio, mvuke ukajaa jikoni. Mama alikuwa bado hajafika nusu ya pili. Alinyamaza. Akaitazama sufuria iliyo tupu, akamtazama mkaza mwana, nasi tukawa hatuna pa kuyaweka macho yetu.

Akasema, taratibu, neno moja moja: "Umeyatoa kabla sijamaliza."

Wifi yetu akajibu: "Naam, mama."

"Vizuri. Ulimi wangu siku hizi unachelewa. Nilijua tangu trei ya kwanza, nilipoionja." Kisha akaomba aletewe bomba moja la makaroni lililotoka katika chujio. Alilishika kwa mkono wa kushoto, akalikata kwa meno, akalielekeza upande wa dirisha penye mwanga. "Njoo utazame. Hapo katikati ya ukuta wake, unaona kitu cheupe?"

Wifi yetu akatazama, nasi tukatazama nyuma yake. Mlikuwa na mstari mweupe mwembamba, kama uzi wa hariri uliopita katikati ya unga.

"Hicho ndicho kitakachoivia ndani ya oveni," alisema mama. "Kikiwa kinene, rudisha majini. Kikiwa kimepotea, umechelewa. Mimi nikisahau, na simu ikizima, hicho hakikudanganyi."

Miaka yote tuliyokula makaroni yake, alama ile hatukuwahi kuonyeshwa, maana hakuna aliyehitaji kuonyeshwa alipokuwepo mwenye kupika. Aliyeitoa ujuzini ni msichana yule aliyekuwa hajui kitu, kwa kuwa alikuwa anahitaji kuelezwa. Tumelifikiri jambo hili sana tangu siku ile. Mwenye kuanza huwalazimisha wenye kujua wayatafute maneno ya kile ambacho mikono yao inakifanya bila maneno. Nyumba isiyo na mwanafunzi huweza kukaa na hazina mpaka mwenye hazina akaondoka nayo.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ni ya daftari. Wifi yetu alinunua daftari la shule la kurasa 48, na kila Ijumaa aliandika kile mama alichosema na kile mizani ilichoonyesha. Sisi tulikuwa mashahidi na waonjaji. Tunanakili hapa sehemu ya yaliyomo kwa ajili ya msomaji ambaye hajawahi kuyapika na angependa kujaribu Ijumaa hii.

Kwa pakiti moja ya makaroni ya gramu 500, ambayo hutosha watu sita hadi wanane, chemsha maji lita 4 katika sufuria pana. Maji yakiwa machache, wanga unaotoka kwenye makaroni huyafanya kuwa gundi, na makaroni hushikamana. Kwetu Mji wa Kale maji matamu hununuliwa kwa mitungi, na anayeanza hushawishika kuyafanyia ubahili. Maji ya kisima nayo mara nyingi yana chumvi, basi yaonje kabla ya kuongeza ya kwako. Mama zamani alitia vijiko viwili vya mezani vya chumvi. Tangu daktari alipomuusia kuipunguza kwa sababu ya shinikizo la damu, sasa ni kijiko kimoja cha chai, na upungufu wake huzibwa kwa ndimu, kitunguu thomu na pilipili manga katika kima.

Subiri maji yatokote kwelikweli, yenye mapovu makubwa, ndipo utie makaroni. Dakika mbili za mwanzo usiondoke, wala usifunike. Koroga kwa mwiko mpaka chini ya sufuria, kwani hapo ndipo uso wa makaroni hulainika na kuwa na ulimbo, na yanayolala chini hugandana. Wengi wamefundishwa kutia mafuta ndani ya maji ili yasishikane. Mafuta huelea juu ya maji na hayafanyi kazi hiyo. Yanayobaki kwenye makaroni wakati wa kumwaga huyatelezesha, na mchuzi hauyashiki. Kukoroga ndiyo dawa.

Zikibaki dakika tatu katika muda wa pakiti, toa bomba moja, likate, tazama ule uzi mweupe. Kabla ya kumwaga maji, chota kikombe kimoja uyaweke kando. Maji hayo yenye wanga yatakufaa kulegeza kima au mchuzi ukizidi uzito. Kisha chuja, utikise chujio, na usiyaache makaroni yakae humo yakijipika kwa mvuke wake. Yamwage moja kwa moja katika bakuli kubwa au sinia, uyachanganye na vijiko kadhaa vya mchuzi wa kima. Hapo yatatulia bila kushikana wakati unamaliza kazi nyingine. Kuyaosha kwa maji baridi hakuhitajiki, maana huondoa ule wanga unaoshikisha mchuzi.

Kima ni nusu kilo, kitunguu maji viwili, nyanya nne, thomu, tangawizi, bizari nyembamba, mdalasini kidogo na dania. Kila nyumba ina mkono wake katika hili na hatutaki kuuingilia. Kibaki na mchuzi, kisikauke. Mchuzi mweupe ndio unaohitaji kipimo: siagi gramu 60, unga wa ngano gramu 60, na maziwa lita 1. Yeyusha siagi kwa moto mdogo, tia unga, kaanga dakika mbili mpaka harufu ya ubichi iondoke bila kugeuka rangi. Tia maziwa kidogo kidogo huku ukikoroga, kila mara mpaka yalainike ndipo uongeze. Uchemke polepole dakika chache. Ukiuona mwepesi kuliko upendavyo, uko sawa. Makaroni yatakunywa sehemu yake ndani ya oveni, na utakaotoka mzito ni ule ulioingia mwepesi. Kungumanga ikikwaruzwa kidogo humo huleta harufu nzuri. Na anayetia jibini na asome kwanza pakiti yake, kwani baadhi ya jibini hugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho tumboni mwa wanyama; zile zenye alama ya halali, au zilizogandishwa kwa kimeng'enya kisicho cha mnyama, hutuondolea shaka.

Changanya makaroni na nusu ya mchuzi mweupe, panga nusu yake katika trei ya sentimita 30 kwa 20 yenye kina cha sentimita 6, tandaza kima, funika kwa makaroni yaliyobaki, kisha mimina mchuzi uliosalia. Oveni iwe imekwisha pashwa hadi nyuzi 180 za selisiasi. Baada ya dakika 25 hadi 30 juu patakuwa pamepiga wekundu na pembeni panatokota. Asiye na oveni asikate tamaa. Mkate wa sinia umeokwa miaka mingi kwa makaa juu na chini, na trei hii huiva vivyo hivyo: makaa machache chini, mengi zaidi juu ya kifuniko, na jicho lisiwe mbali.

Likishatoka, liache litulie dakika 15 kabla ya kukata. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa wanaume wamesharudi msikitini na watoto wameshapanga sahani. Lakini likikatwa mara moja humwagika, na yule aliyeanza atadhani amekosea, ilhali hakukosea chochote.

Dada yetu wa Nairobi alizifuata dakika saba hizo na makaroni yake yakatoka magumu. Alipiga simu akidhani daftari lina kasoro. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi, na huko maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100, kwenye 94 au 95, hivyo makaroni huhitaji muda zaidi. Aliambiwa autafute uzi mweupe na asiitazame saa. Aliongeza dakika mbili, yakakubali. Mama alipoelezwa alicheka, akasema kumbe hata uradi wake usingefaa Nairobi.

Wifi yetu sasa hupika trei mbili kila Ijumaa, na tangu Shaaban mwaka huu alianza kupokea maagizo ya futari kutoka kwa majirani, wakiwemo baadhi ya wale waliokuwa na maneno. Hakuwakumbusha. Mkono wa mama umepata nguvu kidogo, za kutosha kushika kijiko, bado hazitoshi kukoroga. Ulimi wake uko pale pale. Siku anapovuta uradi mlangoni pa jiko, makaroni huepuliwa kati yake, naye huendelea mpaka mwisho bila kusimama.

Kwa ndugu zetu wa kike wanaosoma haya, na hata wa kiume, tuna wasia mmoja. Katika nyumba zenu yumo mzee anayepika kwa kiganja na kwa harufu. Mkalisheni karibu na mtu asiyejua kitu, na muweke daftari baina yao. Muulizeni maji ni kiasi gani, na muda gani, na anatazama nini anapojua kwamba kimeiva. Huenda asiwe na jibu siku ya kwanza, kwa kuwa hajawahi kuulizwa. Na kwa wale wenye bi harusi, mkaza mwana au binti anayeanza: chakula chake kibovu kileni kadiri mnavyoweza, kinachobaki msikitupe, maana israfu haifai, na maneno yenu yawekeni akiba mpaka trei ya tatu. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya na umri wenye baraka, na awape wanaoanza subira, wao na wanaowafundisha.